Mlezi wa Kuungaunga

Dada alikuwa ameketi mbele ya Mkunga, anakunja shuka, na bado sauti yake ilitoka jikoni: "Kifaranga, njoo nikusuke." Hakuna mwingine duniani aliyemwita Mkunga, mwanamke wa miaka sitini na tatu, Kifaranga. Dada aliendelea kukunja. Masikio yake yalikuwa yameshazeeka, hakusikia kitu.

Mkunga alikuwa amestaafu, na kila Jumamosi alikwenda maktaba kujifunza kuandika kumbukumbu za maisha yake. Alitaka ampe Dada kitabu cha shukrani angali hai, maana ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Lakini mwalimu, kijana ambaye hajawahi kulea hata paka, alimwambia wanawake wawili katika nyumba moja wanamchanganya msomaji: Dada aliyemsuka na kumlisha, na mama wa kambo aliyemchoma mkono kwa pasi. Waunge wawe mmoja, alisema, waandishi hufanya hivyo. Mkunga akawaunga. Daftarini huyo mmoja akampa sauti ya Dada, vidole vya Dada, na ile pasi.

Tangu siku hiyo nyumba ikaanza kunuka nguo iliyoungua, na pasi imo kabatini, baridi. Mchana mmoja Mkunga alisinzia kwenye kochi akahisi vidole vinamgawa nywele, vidole laini alivyovijua tangu utotoni, vikishuka polepole hadi kisogoni, vikimpapasa, vikimbembeleza hata akatabasamu usingizini, ndipo vikakaza, vikamvuta kichwa nyuma mpaka shingo ikalia, na kitu cha moto kikamgusa mkono palepale penye kovu la zamani. Alipofumbua macho hapakuwa na mtu. Kovu lilikuwa bichi.

Dada alipoliona, ndiye aliyemleta mganga, mama mnene asiye na haraka. Alinusa jikoni, akarudi akasema kwa sauti ya chini kwamba jini limepata umbo la mtu ambaye hakuzaliwa. Nani amelitengenezea? Mkunga akaleta daftari. Dada akasoma, kidole chini ya kila mstari.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuchoma."

"Ni wewe na yule, Dada. Mwalimu alisema..."

"Nilichana sare yangu ya shule nikufunge kile kidonda. Sikurudi shule tena. Na hapa mikono yangu umempa yeye."

Mganga akanong'ona kwamba kuchoma karatasi hakusaidii tena. Aliyeibiwa umbo adai chake, aseme tu "nirudishie," nalo jini litatoka.

Dada akafunga daftari. Alikuwa amesalitiwa na mtoto wake mwenyewe, maana hakuwahi kuzaa, na huyu ndiye aliyemlea, na uchungu ule haukuwa na machozi.

"Shukrani ya punda," alianza, asimalize. Akachukua mkoba wake. "Sidai kitu. Umeshajiandikia mlezi, baki naye."

Mganga akamfuata bila kuaga. Mkunga aliinuka awakimbilie, lakini mkono ukatua begani, ukamkalisha taratibu, kama mama anavyomkalisha mtoto anayetaka kuondoka kabla ya kumaliza kula.