Kabula na Moyo wa Kwenye Kisahani

Kabula aliketi kwenye kigoda akichambua mchicha. Kila alipochambua kidogo, alipumzika. Zamani angeifanya kazi hiyo huku akiimba na kuwagombeza mbuzi. Siku hizi hata mbuzi aliwaacha wale wanachotaka.

Moyo wake uliugua tangu alipojifungua mtoto wa mwisho. Ulitanuka, ukalegea, ukashindwa kusukuma damu vizuri. Daktari wa Nzega alimpa vidonge vya kila siku. Alivimeza, akapata nafuu, hata shambani akarudi. Lakini sasa miguu ilikuwa imevimba tena. Viatu vya kanisani havikuingia. Akilala chali, pumzi ilimkata. Alichoka kuumwa, na alichoka kuulizwa hali.

Leo alikuwa na tumaini. Tekla, binti wa marehemu dada yake, alikuwa njiani. Tekla alisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, na kazi yake huko ilikuwa kuotesha seli za moyo. Masolwa, mume wa Kabula, alikwisha kukitangazia kijiji kizima cha Lusu. "Binti yetu anaotesha mioyo!" alisema gulioni, utadhani anayemwagilia ni yeye.

Tekla alifika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umeuleta?"

"Nimeleta nini?"

"Moyo wangu."

Tekla alicheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akaitazama ile miguu, akapiga magoti, akaubonyeza mmoja kwa kidole. Kidole kiliacha shimo.

"Mama mdogo, vidonge unameza?"

Kabula aliinamia mchicha wake. Masolwa ndiye aliyejibu.

"Ameacha, tangu ulipotupigia simu kwamba unakuja. Shamba likitaka mbegu mpya, si unalipumzisha kwanza? Lile letu la chini tulililaza msimu mzima, pamba ikastawi kweli. Tukasema mwili nao upumzike dawa, upate kuupokea moyo mpya."

Tekla aliketi chini. Safari ilikuwa imemchosha, lakini maneno haya yalimchosha zaidi.

"Baba mdogo, shamba hulala. Moyo haulali. Hata mama akisinzia, wenyewe unasukuma damu. Ukimnyima dawa hujaupumzisha, umeuongezea mzigo. Maji yanabaki mwilini. Yanajaa miguuni, yanafika kwenye mapafu. Hapo mtu hufa."

Masolwa alikuna kidevu.

"Na moyo wangu?" Kabula aliuliza kwa sauti ndogo. "Utakuja lini?"

Tekla alitoa simu, akamwonyesha video. Ndani ya kisahani kulikuwa na utando mwembamba. Ulikuwa ukidunda wenyewe.

"Hizi zilikuwa seli za damu ya mtu aliyekubali kutupa," alieleza. "Tukazirudisha utotoni, zikawa seli shina. Yaani seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Tukazilea mpaka zikawa misuli ya moyo."

"Basi nipandikize mimi."

"Bado, mama mdogo. Ni kama miche ya kitaluni. Zikiwekwa mwilini hovyo, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wapo watafiti wanaojaribu kwa wagonjwa wachache, tena kwa uangalifu mkubwa. Sisi tunazitumia kujifunza kwa nini moyo unachoka, na kupima dawa kabla ya kumpa mtu. Sina moyo wa kukuletea."

Kabula alilia kimyakimya, kama mtu aliyetembea kutwa kwenda gulioni akakuta watu wametawanyika.

"Nimechoka, Tekla. Vidonge hivi mpaka lini?"

"Najua umechoka." Machozi yalimlenga Tekla pia. "Pengine ni vya maisha. Lakini ndivyo vinavyokubakiza kwetu. Mama yangu nimeshamzika. Wewe sitaki kukuzika."

Kabula alijifuta uso kwa khanga. Akamwambia Masolwa atafute gari.

Jioni hiyohiyo walifika hospitali Nzega. Daktari alimlaza Kabula, akampa dawa ya kutoa maji, akamrudishia na zile za zamani. Aliwaonya wote wawili, mke na mume. Dawa ya moyo haiachwi bila kumuuliza daktari. Chumvi ipunguzwe, na dagaa wa chumvi pia. Miguu ikianza kuvimba au pumzi ikibana, mgonjwa aje mara moja, asingoje tarehe ya kliniki.

Kabula alirudi nyumbani miguu imepungua uvimbe. Jumapili moja viatu vya kanisani viliingia. Njiani alipumzika, maana uchovu haukuisha wote, lakini alifika na akaimba. Masolwa naye alipata tangazo jipya la gulioni. "Moyo haulali!" aliwaambia watu, hata wasiomuuliza. Na kila asubuhi alimsimamia mkewe kwa kikombe cha maji mpaka vidonge vimezwe.

Siku ya Tekla kuondoka, Kabula aliomba kuiona tena ile video. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Zinadunda vizuri," alisema. "Lakini hazina mtu wa kumbeba. Huu wangu umechoka, ila unanibeba mimi."

Akamrudishia simu.

"Nenda ukazilee, mwanangu. Zikikomaa, utanikuta."

Kisha akamgeukia Masolwa, aliyekuwa amekwisha kusimama na kikombe chake, akakinga kiganja.