Waya Uliofungwa Juu ya Rangi

Lori lilikuwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa dereva, lakini honi iliendelea kuguna kwa sauti ya chini, kama mtu anayeumwa jino.

"Limeanza tena," dereva alinong'ona. "Dada, juzi mpakiaji alishika mlango tu, akaanguka, akafa palepale. Na mimi nasafiri nalo leo."

Dada yake, fundi umeme ambaye gereji nzima ilimwita Mama Testa kwa ajili ya testa yake ya kupimia umeme, alicheka. "Volti ishirini na nne haziui mtu, mdogo wangu. Panda, nikikwambia uwashe."

Akachomoa betri, akaiweka sakafuni, akaingia uvunguni. Kosa akaliona mara moja. Waya wa athi, unaoupa umeme njia ya kurudi kupitia chuma cha chesisi, ulikuwa umefungwa juu ya rangi isiyopitisha umeme. Uzembe mtupu! Umeme ukinyimwa njia yake hutafuta nyingine, hata iwe mkono wa mtu. Akafungua nati, waya ukaning'inia.

"Dada, mbona taa zinawaka? Umerudisha betri?"

"Bado."

Ndipo aliposikia harufu ya nywele zinazoungua, na ile honi ikaacha kuguna ikaanza kupumua, taratibu, juu ya kichwa chake, na mdogo wake akasema kwa sauti ndogo ya kitoto kwamba mikono imenasa kwenye usukani na kuna mtu ameketi kiti cha pili. Mama Testa aliogopa. Hakukuwa na muda wa kukwangua rangi. Akafanya wanachofanya mafundi wakiwa na haraka: akaushika waya kwa mkono mmoja, chesisi kwa mwingine.

Kitu baridi kilimwingia kifuani, lakini hakikutokea upande wa pili.

Honi ikanyamaza, taa zikazimika.

Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza nati, akarudisha betri. Lori likawaka vizuri kabisa. Akaanza kukusanya vifaa, na ncha ya testa ikamgusa kiganja. Kibano chake, ambacho lazima kishike chuma ili taa iwake, kilikuwa kinaning'inia hewani, hakijashika kitu. Taa ndogo ya testa ikawaka hata hivyo, kwa umeme uliokuwa mwilini mwake.

Mdogo wake alikuwa anashuka, machozi yanamtoka, mikono wazi. "Dada, umeniokoa!"

"Usiniguse!"

Mdogo wake akasimama palepale. "Nimekukosea nini?"

"Hujakosea kitu," alisema, akirudi nyuma, mikono kaificha mgongoni. "Nenda, mdogo wangu. Safari njema."