Safari ya Viwanja Viwili

Hii nilipewa na jirani yangu dereva wa teksi. Alimbeba dada mmoja aliyeshuka uwanja wa ndege wa huku, awahi ndege nyingine uwanja wa kule, akamwone mama yake aliye mahututi kitandani. Waliomkatia tiketi walimdanganya eti viwanja vimepakana. Mungu anawaona!

“Kaka, kanyaga!”

“Dada, huko ni saa mbili nzima. Sina mabawa.”

Giza, mvua, foleni. Ndege ikaondoka wao wakiwa njiani, dada analia. Simu ya dada ikaita, akaiweka spika, sauti ya mama yake ikajaa garini: “Mwanangu, mwambie dereva afunge dirisha, nalowa.”

Dada alikuwa amekaa mbele. Dereva akageuka, kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa wazi. Akakipandisha.

Simu ilishakatika. Kule kiti cha nyuma mtu akakohoa, akasema taratibu kwa sauti ile ile ya simuni: “Ahsante, baba.”

Haya wajukuu, laleni.