Sauti Aliyoichagua

Kadi yake iligoma mara ya tatu, na foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Ilikuwa asubuhi, saa ya watu kuingia kazini, na mlango wa chuma wa kampuni ya simu haujali umevaa nini. Naye alikuwa amevaa hasa: blauzi ya njano iliyonyooka kwa pasi, sketi nyeusi ya kuazima kwa dada yake, viatu vilivyoanza kumbana tangu kituoni. Mwanafunzi wa biashara wa mwaka wa mwisho, siku yake ya kwanza ya mafunzo kazini, na tayari amezuia umati.

"Dada, usiibamize. Iguse kama unabembeleza mtoto," mtu akasema nyuma yake.

Sauti hiyo, jamani! Nzito kidogo, tulivu, ya kukusahaulisha ulichokasirikia. Binti aligeuka akaona kijana mrefu, shati la bluu, mikono imekunjwa, anacheka kwa macho. Kijana aliichukua kadi, akaigusisha taratibu, mlango ukafunguka.

"Umeuloga?"

"Nimeuomba. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuomba radhi kutwa nzima."

Hakutania. Alikuwa mpokea simu za wateja, na wenzake walimwita Mzee wa Pole, kwa sababu hakuna mteja aliyempigia kwa hasira akakata simu na hasira ileile. Yeye naye akambandika binti jina la Msomi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda ofisi nzima ikajua.

"Umekula, Msomi wangu?" angempigia jioni.

"Sijala. Nasubiri sauti inishibishe."

"Basi utalala njaa, mpenzi. Yote nimewamalizia wateja."

Uongo mtupu. Sauti yake hakuwahi kumnyima. Akampeleka hata kwa mama yake, fundi cherehani mjane aliyependa mazungumzo kuliko chai, na mama akaanza kumwita mkwe kabla hajakaa kitini.

Kisha meneja akamwita Msomi ofisini.

"Tunatengeneza programu ya kompyuta itakayopokea simu," alisema. "Inahitaji sauti moja ya kujifunzia. Sikiliza rekodi za wapokea simu wote, utuchagulie iliyo bora. Na usimwambie mtu. Wakishtuka, kazi italala."

"Na mwenye sauti?"

"Atakuwa muhimu sana kwetu."

Binti alilichukua neno hilo kama ahadi. Darasani alifundishwa kwamba teknolojia hupunguza mzigo, na aliye hodari hupanda nayo. Akachagua sauti ya mpenzi wake, moyo ukimruka kwa furaha, akidhani amemfungulia njia. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi.

"Siku hizi wewe na meneja mmekuwa chanda na pete," kijana alimwambia.

"Ni kazi tu."

"Kazi gani haina jina?"

"Niamini, mpenzi. Itakufurahisha."

Jioni ile kijana alimpigia, akaomba msamaha kwa wivu wake. Msomi akausamehe, na siri akaendelea kuitunza.

Siku ya siku ikafika. Wafanyakazi walikusanywa ukumbini, na spika ikasema: "Pole sana kwa usumbufu. Niko hapa, nakusikiliza."

Watu walipiga makofi. "Mzee wa Pole umeingia kwenye kompyuta!" walimkumbatia, naye akacheka. Meneja akasifu kazi ya pamoja, akamshukuru mwanafunzi kwa kuchagua vizuri. Kisha akasema kitengo chote cha wapokea simu kitafungwa mwisho wa mwezi. Hakumbakiza hata mmoja.

Msomi alimkimbilia mpenzi wake kwenye ngazi.

"Ulijua?"

"Nilijua habari ya programu. Ya kuwaachisha kazi sikujua! Nilidhani watakuweka uwe mwalimu wake."

"Nani alikwambia hivyo?"

Binti alinyoosha mkono amshike, kijana akashuka ngazi moja.

"Ungeniuliza tu, Msomi. Ningekubali au ningekataa, lakini ningekuwa nimeulizwa. Na mimi ndiye niliyekuomba radhi! Mimi!"

Toka siku hiyo kila Msomi alipompigia, simu iliita bila kupokewa. Chuo kikataka ripoti ya mafunzo. Kuhusu teknolojia aliandika vizuri, kuhusu kazi ya pamoja akajikongoja. Alipofika kwenye maadili ya kazi, akalia. Aandike nini? Kwamba aliitunza siri ya ofisi, na hakuwahi kujiuliza siri hiyo inamlinda nani? Akavaa viatu, akaenda kwa mama wa kijana.

"Mkwe wangu, umepotea!" mama alimkumbatia. "Kaa, mwenzio bado yuko kazini."

"Kazini?"

"Si kulekule! Tena naona wamempandisha cheo. Zamani nikipiga namba ya huduma napokewa na watu baki. Siku hizi kila nikipiga nampata yeye. Leo asubuhi mtandao ulinisumbua, nikapiga. Nikamwuliza, mwanangu, umekula? Akanijibu kwa upole, niko hapa, nakusikiliza."

Mara kijana akaingia, shati la kazi limepigwa pasi, viatu vyeupe kwa vumbi la kuzunguka akitafuta kibarua. Alipomwona, akatikisa kichwa kidogo nyuma ya mgongo wa mama. Msomi akaelewa, akanyamaza. Kwa mara nyingine alikuwa na siri ya kutunza.

Kijana akamsindikiza mpaka getini.

"Utamwambia lini?"

"Nikipata kazi."

"Na mimi?"

Kijana alishika komeo la geti.

"Nakupenda, sitakana. Ila kila nikitaka kukuita mpenzi, nakumbuka ulivyokaa ukanisikiliza kwa niaba ya watu wengine. Maneno yananikwama."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nenda salama."

Geti likafungwa. Msomi alibaki ameegemea ukuta, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Kupitia dirishani alimsikia mama akiuliza, kwa sauti ya mtu anayejikaza asilalamike:

"Mwanangu, kwenye simu unaongea nami vizuri hivyo. Ukifika nyumbani mbona hunisemeshi?"

Binti alisubiri asikie atajibu nini. Kijana hakujibu.