Pumzi Ndani ya Ulanga

Chausiku alipasua bonge la ulanga, akakuta pumzi ndani yake.

Ulikuwa ukungu mdogo, kama wa mtu aliyehemea kioo, kati ya majani mawili ya madini hayo maangavu ambayo tangu mlima uwepo hayakuwahi kuguswa na hewa. Aliufuta kwa kidole. Ukarudi. Alipasua jani jingine, nalo lilikuwa limehemewa. Wanawake wenzake bandani walikuwa wakifuta pia, na hakuna aliyeuliza kitu.

Walijua bonge lile limetoka wapi. Katika machimbo yale ya Mjerumani, juu ya kijiji cha Kinole, shimo la chini lilikuwa limeporomoka upande mmoja na kumfukia mchimbaji mmoja, Mosi. Stambuli, nyapara wao, alikuwa ameng'oa magogo yaliyoshikilia paa la shimo, akajengea nyumba yake. Kwa Bwana, yule Mjerumani, alipeleka habari nyingine: Mosi ametoroka. Wachimbaji waliokuwa shimoni waliona paa likishuka. Stambuli aliwakusanya, akawaonyesha kiboko.

"Anayetaka viboko hamsa ishirini mgongoni, aende akaseme."

Maneno, mume wa Chausiku, alikuwa mmoja wao.

Tangu siku ile sauti yake ilipungua. Alianza kunong'ona, kisha midomo ikawa inacheza bila neno. Alinuka udongo mbichi hata akitoka kuoga mtoni. Halafu mchana mmoja, tonge likiwa mkononi, alifungua kinywa, na aliyezungumza alikuwa Mosi.

"Shemeji, huku kuna giza."

Chausiku alimwita mganga, mzee Yunusi. Mzee alifukiza ubani, akamfunika Maneno kaniki, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mwenye mlima. Unataka nini? Kuku?"

"Sitaki kuku." Sauti hii haikuwa ya Maneno wala ya Mosi. "Mmenitupia mtu nyumbani kwangu, kisha mmesema hayupo. Walioona waseme, kila mmoja kwa kinywa chake, mbele ya mwenye amri ya kufukua. Wakikataa, huyu naye nitamchukua, akae na mwenzake."

"Tutakuchinjia mbuzi."

"Mbuzi aliona?"

Yunusi alikusanya vyombo vyake. "Mwanangu, hili si la uganga," alimwambia Chausiku. "Nenda kwa hao walioona."

Aliwafuata mtoni walikokuwa wakinawa. "Semeni tu, kaka zangu. Mtaniulia mume."

"Shemeji, mgongo utakaopigwa si wako," mmoja alimjibu bila kumtazama.

Mwisho wachimbaji walipata njia. Benedikto, mchimbaji mwenzao, naye aliona, na ukoo wake na ukoo wa Mosi walikuwa watani tangu mababu. Mtani husema lolote kuhusu marehemu, hata kaburini, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Aseme yeye kwa niaba ya wote.

Asubuhi, Bwana alipokuja kuita majina, Benedikto alitoka mstarini.

"Bwana, Mosi hakutoroka, mvivu yule. Amelala chini ya mlima, kajifunika wote kama blanketi. Stambuli ndiye aliyemtandikia."

Wachimbaji walicheka. Walikuwa wamezoea tangu utotoni kwamba mtani akisema, watu hucheka, na walicheka kabla hawajafikiri. Stambuli alicheka kuliko wote.

"Ni utani wa hawa watu, Bwana. Ndivyo walivyo."

Bwana akatabasamu.

"Sitanii," alisema Benedikto, machozi yakimtoka, na hapo wakacheka tena.

Walipoacha, kicheko kiliendelea. Kilitoka chini ya miguu yao, kikapita kwenye mdomo wa shimo na harufu ya udongo mbichi na ya kitu kilichokaa bila hewa, kikacheka kwa sauti ya kila mmoja wao, kila mtu akaitambua yake, akatazama chini ili wenzake wasione kwamba ameitambua, na kadiri walivyozidi kunyamaza ndivyo kilivyozidi kupanda, mpaka Bwana mwenyewe akavua kofia na kuuliza kuna nani huko ndani.

Chausiku alitoka bandani.

"Ni Mosi. Magogo ya shimo yamo katika nyumba ya Stambuli, ile pale."

Nyumba ilionekana kutoka pale waliposimama.

"Mwanamke huyu ana jini, Bwana," alisema Stambuli. "Waulize hawa."

Bwana aliugeukia mstari. "Nani aliona?"

Benedikto aliinua mkono. Mtu akaguna, wengine wakabana midomo wasicheke. Midomo ya Maneno ilicheza, haikutoa kitu. Waliobaki walitazama vidole vya miguu yao.

"Basi. Kazini," alisema Bwana.

Stambuli alimnyooshea Maneno kidole, kisha shimo la chini. Chausiku alimshika mumewe shati kwa mikono yote miwili. Maneno alimfungua vidole taratibu, kimoja baada ya kingine, akachukua sururu, akaingia.

Ndani, Mosi alimpokea. "Umechelewa, ndugu yangu."

Maneno alijibu kwa sauti yake mwenyewe, safi, ambayo mkewe alikuwa ameanza kuisahau.

"Nilikuwa nawangoja waseme."

Udongo ulianza kudondoka mlangoni, kidogo kidogo. Bwana alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, akisikiliza. Muda wa kusema ulikuwepo. Kila mchimbaji alimtazama mwenzake, akingoja aanze yeye.