Faili la Mdogo Wangu kwenye Grupu la Ukoo

"Hili faili… ni la mdogo wangu!"

Nilipiga kelele katikati ya zahanati, saa nne asubuhi. Wagonjwa wote kwenye mabenchi wakanigeukia.

Kwenye grupu la ukoo, shangazi alikuwa ametupia picha. Jina kamili la mdogo wangu juu, na chini yake mimba iliyoharibika miaka minne nyuma, akiwa chuo.

Shangazi kaandika: "Nimetumiwa na namba nisiyoijua. Jamani, ni kweli? Na harusi ni Jumamosi!"

Kufumba na kufumbua, kila mtu anaandika. Aisee, ukoo wangu! Ukiomba mtu wa kukusindikiza hospitali, grupu kimya kama kaburi. Siku hiyo hata mjomba asiyejua kutuma meseji alituma!

Na mimi, dada mtu, hayo mambo nilikuwa siyajui kabisa. Nilikuja kuyajua kwenye simu kama mpita njia.

Sasa mnielewe. Mimi ndiye fundi wa kompyuta hapo zahanati. Kila Ijumaa nanakili mafaili ya wagonjwa kwenye flashi, nayafunga. Yaani asiye na ufunguo akiyafungua anaona takataka tupu. Ufunguo wenyewe ni faili dogo tu. Flashi inakaa kwangu nyumbani, ili zahanati ikiungua tubaki na nakala. Ufunguo unakaa kwenye sefu ya daktari. Ndio utaratibu.

Sasa nani kavujisha? Akili ikaruka moja kwa moja kwa dada wa mapokezi.

"Wewe! Umemwanika mdogo wangu!"

"Mimi?"

"Nani mwingine anashinda na mafaili? Domo lako mtaa mzima unalijua!"

"Dada, naapa, sijagusa…"

"Toka mbele yangu, unanitia kinyaa!"

Daktari akamwambia aende nyumbani kwanza. Akachukua pochi na kikombe chake cha chai, akapita mbele ya wagonjwa analia. Mimi nikasonya.

Ndipo nikaitazama tena ile picha. Ilipigwa kwenye skrini ya laptop. Pembeni kidogo, kitambaa cha meza. Na kwenye kitambaa, alama ya pasi…

Nyie! Alama ile niliichoma mimi! Ile ni meza yangu!

Nilifika nyumbani na simu mkononi. Mume wangu yuko kwenye kochi, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Ni wewe?"

Hata hakukana.

"Bwana harusi ni rafiki yangu. Sikutaka auziwe mbuzi kwenye gunia."

"Ndio ujifiche kwenye namba mpya? Na shangazi ukamtumia?"

"Ukoo ujue pia. Kosa liko wapi?"

"Uliifunguaje? Ile flashi nimeifunga!"

Akacheka. Akaikagua ile njiti, akairudisha mdomoni. Yaani nilitaka kutapika.

"Umefunga nini? Ufunguo si ulikuwa humo humo? Tena umeupa na jina… UFUNGUO USIGUSE."

Ni kweli. Mwezi uliopita nilichoka kugonga mlango wa daktari kila ninapotaka kujaribu kama nakala inafunguka. Nikauweka pale pale kwenye flashi. Uvivu tu! Na flashi yenyewe naiacha juu ya friji.

Nikatoka mbio hadi kwa mdogo wangu. Nilimkuta jikoni na mchumba wake, wanamenya vitunguu. Nikapiga magoti.

"Shemeji, nakuomba, usivunje harusi!"

"Niivunje kwa lipi? Mwenzangu aliniambia mwenyewe, kabla hata hatujamaliza mwezi tangu tujuane."

Nikashusha pumzi. Harusi ipo! Nikaeleza yote, mume, flashi, ufunguo. Kisha nikanyanyuka nimkumbatie mdogo wangu.

Akarudi nyuma.

"Unajua kwa nini wewe sikukwambia?"

"Kwa nini?"

"Kila nilichowahi kukwambia, mumeo alikijua kabla ya jioni. Nikaona bora nikaseme zahanati."

Akaendelea kumenya vitunguu.

Kesho yake nilimwambia daktari ukweli wote. Tukatengeneza ufunguo mpya, na flashi nimenyang'anywa, nayo ni haki yao. Nikaenda kumwomba radhi dada wa mapokezi nyumbani kwake. Alinisikiliza kupitia dirisha. Mlango hakufungua.

Ndugu zangu, ukifunga kitu, ufunguo usiulaze ubavuni mwake. Na siri ya mwenzio usiiache juu ya friji, wala mdomoni kwa mumeo.

Mume nimemfukuza na njiti zake. Nilidhani kile kinyaa kitaondoka naye.

Leo ni Jumamosi. Picha za harusi naziangalia kwenye grupu la ukoo. Sikualikwa.