Anaumwa Huyu

Rafiki yangu ni daktari wa watoto, kitengo cha dharura, na si mtu wa kutia chumvi. Mchana mmoja mama alimletea bintiye, aliyekumbatia mwanasesere.

"Tangu asubuhi kifua chake kinapiga miluzi, daktari."

"Si mimi," mtoto akasema. "Anaumwa huyu."

Daktari akacheka. "Haya, tuanze na yeye." Akamlaza mwanasesere kitandani, akamwekea kifaa cha kusikilizia kifua.

Hapo taa zote zikazimika. Chumba hakina dirisha, giza totoro. Masikioni mwake ikaingia pumzi ya mbiombio, yenye mluzi. Akadhani mtoto amejisogeza chini ya mkono wake.

"Nesi, oksijeni haraka!"

Taa zikawaka. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama yake, kule mlangoni.

"Si nilikwambia?" mtoto akasema.

Kifaa kilikuwa bado kifuani mwa mwanasesere, na ile pumzi ilikuwa inaanza kukatika.